Ofisi ya Wananchi Isiwe Tanuri la Vioo

Siku moja ya joto tulikwenda katika ofisi moja ya umma, pembeni mwa mji huu wa Dar es Salaam, kufuatilia hati ya kiwanja. Hatutaitaja ofisi hiyo, maana ugonjwa wake si wake peke yake. Jengo ni la ghorofa, limevikwa vioo toka chini hata juu, na kila mpita njia husema nchi imeendelea. Saa nne umeme ukakatika. Madirisha yake hayafunguki, kwa kuwa aliyechora ramani aliamini kwamba kiyoyozi hakitalala hata siku moja. Haikupita nusu saa makarani wakawa wanajipepea kwa mafaili, na kina mama wenye watoto mgongoni wakatoka nje kukaa chini ya mwembe. Karani mmoja mwema akatufuata huko huko na fomu zake. Siku ile mwembe ndio uliokuwa ofisi.

Tunaandika habari hii kwa sababu ujenzi wa namna hii haujaisha. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulipitishwa mwaka 1973, na wizara sasa zina mji wao Mtumba. Lakini mwananchi wa Mbagala au wa Tandale haendi Mtumba kutafuta leseni ya biashara. Anakwenda manispaa yake. Mwaka 2016 Ubungo ilikatwa kutoka Kinondoni, na Kigamboni ikakatwa kutoka Temeke, na kila manispaa inahitaji ofisi. Jengo likishasimama, tutakaa nalo miaka 50 au zaidi.

Sasa tazameni jinsi hesabu zinavyofanywa. Zabuni huulizwa bei ya kujenga. Ni mara chache kuulizwa bei ya kukaa ndani. Mkandarasi akiondoka na hundi yake, sisi tunabaki na bili ya umeme kila mwezi, na mashine za kutengenezwa kila mwaka. Fedha hizo zinatoka katika ushuru wa mama muuza samaki na kodi ya fundi cherehani. Wapo watakaosema kwamba Bwawa la Nyerere limejengwa kutoa megawati 2,115, basi shida ya mgao tuliyoipata 2022 na 2023 tuisahau. Tunashukuru kwa bwawa. Lakini umeme kuwa mwingi si kuwa wa bure.

Mambo yenyewe si ya uchawi. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta. Mchana jua liko juu ya vichwa vyetu, na mzigo wake unabebwa na paa. Asubuhi na jioni linakuja chini chini, likipiga kuta za mashariki na magharibi, na hakuna ukingo wa paa unaoweza kulizuia. Basi jengo refu lilazwe hivi: ubavu wake mrefu uangalie kaskazini na kusini, na ncha zake nyembamba zielekee mawio na machweo. Liwe jembamba, ili kusi na kaskazi ziingie dirisha hili na kutokea lile. Nahodha wa jahazi anazijua pepo hizo na miezi yake; mchora ramani naye hana udhuru wa kutozijua. Zaidi ya hayo, liwe na baraza pana, ambamo watu wanaosubiri watakaa kivulini kama binadamu.

Wazee wa pwani walijenga hivyo kwa mawe ya matumbawe na kuta nene. Hata Mjerumani, ambaye hatuna sababu ya kumsifu, alipomaliza hospitali ya Ocean Road mwaka 1897 aliizungushia baraza. Na baada ya Uhuru alikuwako mwenzetu Beda Amuli, aliyechora Soko la Kariakoo lililofunguliwa mwaka 1975. Soko lile aliliacha wazi lipitwe na hewa, na paa lake akalifanya kama faneli kubwa za zege za kukusanya mvua. Moto wa Julai 2021 uliliunguza, lakini akili iliyomo katika ramani ile haikuungua. Huko Nairobi, Umoja wa Mataifa ulifungua mwaka 2011 ofisi kubwa isiyotegemea viyoyozi, na juu ya paa lake pana mitambo ya umeme wa jua. Ni kweli Nairobi ina baridi, na hapa kwetu zipo siku za Februari ambazo feni peke yake haitoshi. Vyumba vichache vipewe mashine. Si jengo zima.

Habari ya maji nayo ni hesabu ya darasani. Milimita moja ya mvua juu ya paa la mita za mraba 1,000 ni lita 1,000. Mji wetu hupata kiasi cha milimita 1,000 kwa mwaka. Toeni yanayopotea, bado ni mamia ya maelfu ya lita. Mwishoni mwa 2022, Mto Ruvu ulipopungua na maji yakatolewa kwa zamu, ofisi ngapi za umma zilikuwa na tangi la mvua?

Na vifaa? Kwa miaka mingi vioo na aluminiamu vilishuka bandarini kwa fedha za kigeni. Pale Mwenge, ndani ya Kinondoni, serikali yetu wenyewe iliweka wakala wa utafiti wa nyumba bora na vifaa vya ujenzi, uliofundisha matofali ya kufungamana ya udongo na saruji kidogo, yasiyohitaji kuni hata moja. Nguzo za ghorofa na ziwe za zege. Kuta za kujazia zinaweza kuwa za matofali hayo, yakifyatuliwa na vijana wa Temeke.

Mikutano ya baraza la madiwani huwa wazi kwa wananchi. Tunaomba matawi ya Tandika, Mbagala, Mwananyamala na Tandale yapeleke watu kabla ramani yoyote haijapitishwa, si baada. Wamuulize diwani wao maswali mawili ya kuanzia: upande upi wa jengo unaangalia magharibi, na je, madirisha yake yanafunguka?