Shanga za karafuu ni harufu, si hirizi



Sisi ni mafundi cherehani wa Mvumi, wilaya ya Chamwino, mkoani Dodoma. Kazi yetu ya kila siku ni mabaibui, shela za harusi, mapazia na foronya. Pembeni ya cherehani tunatengeneza shanga za harufu, zile za kutundika chumbani, kabatini au ndani ya gari. Na tukisema shanga, bibi harusi asikimbilie kufikiria za kiunoni! Hizi si za kuvaa mwilini, na sababu yake tutaieleza huko mbele.

Leo tumeamua kusema kwa sababu shanga hizi zimeanza kuuzwa kwa maneno yasiyofaa. Wapo wanaomwambia bibi harusi kwamba zinafukuza jini, zinakata husda, zinamtuliza mume asitoketoke usiku. Msimamo wetu ni mmoja: shanga ya karafuu ni harufu ya nyumba, basi. Itengenezwe, iuzwe na ifurahiwe hivyo. Anayeiongezea kinga anachezea imani ya mwenzake na anachukua pesa isiyo yake.

Tuanze na uzuri wake, ndipo tuje kwenye ubaya unaotiwa ndani yake.

Kwa nini shanga, na udi upo?

Wanawake wa Unguja na Pemba hatuna la kuwafundisha kuhusu harufu. Asumini, mlangilangi, kilua, kikuba kifuani, chetezo chini ya nguo: hayo ni yenu tangu enzi za mabibi. Hatusemi udi uachwe. Tunasema udi una mambo mawili ambayo bibi harusi wa leo ayajue.

La kwanza ni bei. Udi halisi unatoka kwenye miti ya Asia, ambayo hutoa utomvu wake wa thamani pale shina linapojeruhiwa na kuingiwa na kuvu. Miti hiyo imekatwa sana, na tangu mwaka 1995 biashara ya aina yake inayojulikana zaidi imewekwa chini ya mkataba wa kimataifa wa CITES. Kwa hiyo kijiti cha udi wa kweli si cha kila siku kwa mwenye kipato cha kawaida. Wengi tunachochoma ni sukari iliyopikwa na manukato, na vipande vya mti vichache.

La pili ni moshi. Udi unataka kaa la moto, na chumba cha bibi harusi hufungwa madirisha ili harufu ikae. Hapo ndipo penye hatari. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na watu hulala wasiamke. Moshi nao humkaba mwenye pumu na mtoto mchanga. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani, inayotokana hasa na moshi wa kupikia, iliua watu milioni 3.2 duniani. Sisi ambao tayari tunapika kwa kuni na mkaa, hatuna haja ya kuongeza moshi wa chumbani kila jioni. Udi uchomwe dirisha likiwa wazi, na siku nyingine shanga zifanye kazi.

Dukani mtakutana pia na punje za plastiki zilizolowekwa kwenye manukato ya viwandani. Zinanukia sana wiki za mwanzo, kisha zinabaki takataka. Mnunuzi hajui ndani kumewekwa nini, kwa sababu kopo limeandikwa tu neno moja, harufu. Zetu, kila kilichomo tunaweza kukitaja kwa jina, na mtu mwenye mzio anaweza kuamua kabla hajanunua.

Namna tunavyozitengeneza

Tuna aina mbili. Ya kwanza ni ya karafuu nzima:

1. Chagua karafuu nene zenye kichwa. Zilizopukutika vichwa weka kwenye chai.
2. Loweka kwenye maji usiku mmoja ili zilainike. Karafuu kavu ukiichoma sindano inapasuka.
3. Tunga kwa sindano nyembamba na uzi imara wa nailoni. Changanya na shanga za kioo au za mti ili kamba ipendeze.
4. Anika kivulini mpaka zikauke kabisa, ndipo ufunge kamba.

Ya pili ni ya kukanda, na hapa bara letu kavu linatusaidia, kwa sababu gundi ya mgunga inapatikana mikoa hii ya kati:

1. Twanga gundi ya mgunga upate vijiko 2 vya chakula. Mimina vijiko 4 vya marashi ya mawaridi yaliyopashwa moto kidogo, uache usiku kucha iyeyuke.
2. Saga karafuu vijiko 3, mdalasini vijiko 2, iliki kijiko 1, na maganda makavu ya chungwa vijiko 2. Chekecha kwa kitambaa chepesi. Chenga zikibaki, shanga itapasuka.
3. Changanya unga huo na gundi kidogo kidogo, ukande mpaka uwe kama donge la chapati. Ukiwa mlaini mno ongeza unga wa viungo, ukiwa mgumu ongeza tone la marashi.
4. Viringisha vidonge vya ukubwa wa mbaazi. Paka viganja mafuta kidogo visinate.
5. Toboa kwa shazia kila kidonge kingali kibichi, kisha zungusha shazia ili tundu lisizibe.
6. Anika kivulini, ukigeuza kila siku. Jua kali huondoa harufu na kuleta nyufa.

Wapo wanaokanda kwa unga wa ngano na chumvi. Sisi tumeacha. Huku Dodoma mvua ikikosekana unga ni jambo zito, na kuutundika ukutani ukaliwe na wadudu ni israfu. Pia chumvi huvuta unyevu, na shanga zikifika pwani zinalegea.

Hilo la unyevu dada wa visiwani walishike. Kwetu mvua ni ya msimu mmoja, takriban Disemba hadi Aprili, na miezi mingine hewa ni kavu. Shanga zinakauka ndani ya wiki. Nyinyi mna masika na mna vuli. Msikande katikati ya masika, maana zitaota ukungu kabla hazijakauka. Kazi hiyo ifanyeni kiangazi, na msimu wa mvua tungeni karafuu nzima.

Ombi moja: msiingie porini kutafuta msandali. Mti huo unaong'olewa na mizizi yake umepungua sana Afrika Mashariki, na tangu mwaka 2013 nao upo kwenye orodha ya CITES. Karafuu na mdalasini vinatosha.

Tahadhari za fundi

Mafuta ya karafuu yanaacha doa la kahawia. Shanga zisigusane na shela nyeupe wala hariri. Sisi tunashona vifuko vidogo kwa mabaki ya pamba na kanga, shanga zinakaa ndani, kifuko kinatundikwa kabatini. Kifuko hicho ndicho pia kifungashio chetu. Mifuko ya plastiki ilikwishapigwa marufuku Tanzania Bara tangu Juni 1, 2019, na mabaki ya vitambaa tunayo tele.

Mafuta hayohayo yanawasha ngozi. Ndiyo sababu tukasema si za kuvaa mwilini, na hasa si kiunoni. Mtundike juu, mbali na mtoto: shanga inaweza kumkaba, na mafuta ya karafuu yakinywewa na mtoto mdogo yanaweza kudhuru ini. Harufu ikififia, tone moja la mafuta kwenye kifuko linatosha, na chupa ifungiwe.

Na jambo la mwisho hapa: harufu haisafishi. Twahara ni sehemu ya imani yetu, na twahara huanza na maji, fagio na dirisha lililofunguliwa. Chumba chenye godoro lenye mkojo ukitundika karafuu, umepata harufu mbili.

Sasa turudi kwenye kinga

Mama mmoja wa bibi harusi alitujia akitaka shanga "zilizosomewa". Alikuwa tayari kulipa mara tatu. Tulimwuzia za kawaida kwa bei ya kawaida, tukamwambia zimetungwa kwa sindano na uzi, hazikusomewa kitu. Alizichukua, lakini uso ulionyesha kwamba tumemnyima. Tunaelewa. Mama anayemtoa binti yake ana hofu, na mwenye hofu hununua chochote. Kwa sababu hiyohiyo muuzaji anatakiwa awe mkweli.

Tunaambiwa: wateja wenyewe ndio wanataka, sisi ni wafanyabiashara tu. Hapana. Mteja akitaka baibui la hariri ukampa la nailoni kwa bei ya hariri, kila mtu ataita wizi. Kumpa kamba ya karafuu kwa bei ya usalama wa ndoa ni wizi uleule, tena huu haushikiki, maana hakuna wa kukagua.

Tunaambiwa pia: mbona wazee walifukiza ubani kufukuza mashetani? Wazee wetu tunawaheshimu, na harufu nzuri walizotuachia tunazitumia. Lakini Mtume, rehma na amani zimshukie, amekataza kutundika hirizi kwa kutegemea zitukinge. Hadithi hiyo ameipokea Imamu Ahmad. Wanazuoni wamehitilafiana kuhusu kuvaa maandishi ya aya za Qur'ani. Lakini hatujasikia aliyehalalisha kamba ya viungo inayodaiwa kukinga kwa nguvu zake yenyewe. Anayetaka kinga anazo nyiradi za asubuhi na jioni, anayo Ayatul Kursiy, anazo Kul-audhu mbili. Hizo haziuzwi.

Na hasara yake si ya imani peke yake. Fikirieni bibi harusi aliyeuziwa kamba ya kumtuliza mume. Mume akianza ukali, hataiambia familia, hatakwenda kwa shekhe wala Ofisi ya Kadhi. Ataambiwa kamba imeisha nguvu, anunue nyingine kubwa zaidi. Aliyechelewa kushika mimba atapoteza mwaka mzima kwenye kamba badala ya kwenda hospitali yeye na mumewe. Mwenye mtoto mwenye homa ataambiwa karafuu inafukuza mbu, aache chandarua. Kila anayechelewa hivyo amecheleweshwa na muuzaji aliyetaka faida ya ziada.

Tunajua uongo unauza haraka. Sisi tumeona kwamba ukweli unauza polepole lakini mteja anarudi. Aliyenunua harufu, harufu ikiisha anakuja kuongeza. Aliyenunua kinga, siku balaa likimpata hatakuja tena, na atawaambia wenzake. Hata majirani zetu wasio Waislamu hapa Mvumi, ambao ni wengi, wanatundika shanga zetu majumbani mwao bila wasiwasi, kwa sababu wanajua ndani yake hakuna jambo la kificho.

Kwa hiyo dada mwenye biashara, au unayefikiria kuianza: hesabu viungo, uzi, kitambaa na muda wako, weka faida ya haki, kisha andika kwenye kikaratasi kilichomo ndani na siku ulipotengeneza. Akikuuliza mteja kama zinafukuza jini, mjibu: zinafukuza harufu ya uvundo kabatini.

Na wewe bibi harusi: jipambie chumba chako, mtie mumeo raha kwa harufu nzuri ndani ya nyumba yenu, hilo ni jambo jema. Ukitoka barabarani, kumbuka katazo la mwanamke kujitia manukato ili wanaume wa kando wayasikie, na shanga zako ziache chumbani zikungoje. Akija mtu na kamba anayosema imesomewa, muulize swali moja tu: ndani mna nini? Asiyeweza kujibu, usimpe pesa yako ya mahari.

Wabillahi tawfiq.