Kamba Zishikazo Mlingoti



Kila mwaka, mashindano ya vyombo vya tanga wakati wa Maulidi ya Lamu hutukusanya ufukoni. Macho yetu yote huwa kwenye tanga, na ni nadra mtu kuzitazama kamba. Juma hili tumeona vyema tuzizungumzie, kwa kuwa ndizo zichukuazo uzito.

Mlingoti wa jahazi haujisimamii. Juu yake huning'inia foromali, mti mrefu ufungwao tanga. Henza ndiyo kamba nene iipandishayo foromali. Hamrawi huituliza isiyumbe. Demani huliongoza tanga. Na shikilio huuzuia mlingoti kwa upande utokao upepo. Nahodha anapogeuza chombo, tanga huhamia upande wa pili, na shikilio nalo hufunguliwa likakazwa upya upande wa joshi. Baharia akisahau, upepo huukuta mlingoti hauna egemeo. Ukivunjika, roho za watu zimo hatarini.

Zamani kamba hizo zilikuwa za kumbi. Makumbi ya nazi yalifukiwa katika matope ya pwani kwa miezi kadhaa, yakafukuliwa, yakapondwa, kisha usumba ukaoshwa na kusokotwa. Aghalabu kazi hiyo ilikuwa ya wanawake, na Unguja wangalipo waifanyao hadi leo. Basi bibi asiyepata kupanda jahazi maishani mwake ndiye aliyeushika mlingoti. Akisokota kwa pupa leo, mwana wa mwenziwe angeweza kuangamia kesho. Jina lake halikutajwa chombo kilipofika salama, wala yeye hakulidai.

Siku hizi nailoni imechukua nafasi ya kumbi. Haiozi upesi kwa maji, lakini jua huila polepole, na msuguano huila zaidi. Wahenga walinena kuwa kamba hukatikia pembamba. Kwa hiyo, enyi mama na dada wenye waume na wana baharini, msione haya kuuliza kabla ya safari: kamba zimekaguliwa? Iliyochakaa imebadilishwa? Swali hilo halimwongezei mtu gharama kubwa, na huenda likamrudisha nyumbani.

Na aliye na bibi aliyewahi kuponda makumbi, amkalishe na wajukuu, awaonyeshe namna usumba unavyosokotwa. Mikono hiyo ikishapumzika, hatutapata wa kumuuliza.