Tshopo: Daraja la zamani lisilipishwe bila sheria

Kila asubuhi, wakina mama wanavuka daraja la mto Tshopo na mizigo ya sombe na makala kichwani ili kuingia Kisangani. Watolekiste wanafuata na baiskeli zao, kisha malori kutoka Banalia na Buta. Kwa wengi wao, njia ya kufika sokoni ni hiyo tu.

Ndiyo maana kila wazo la kuweka peaji kwenye daraja lililojengwa zamani lazima lijibu swali moja mbele ya kamba kufungwa barabarani: ni sheria gani inayoruhusu?

Katiba ya mwaka 2006 iko wazi. Kifungu cha 174 kinasema kwamba kodi inawekwa na sheria tu. Kifungu cha 171 kinatenganisha mali ya serikali kuu na ile ya majimbo. Tena, sheria-agizo namba 18/004 ya tarehe 13 Machi 2018 imeorodhesha kodi na malipo ya jimbo, miji na komuni. Malipo yasiyokuwa kwenye orodha hayawezi kuzaliwa kwa barua ya liwali ao ya meya.

Barabara za taifa nazo zina mfuko wao, FONER, ulioundwa na sheria ya tarehe 7 Julai 2008. Mfuko huo unapata pesa kwa peaji, lakini pia kwa sehemu ya bei ya mafuta. Basi mwenye lori amekwisha kuchangia utunzaji wa barabara siku aliyojaza tanki. Akilipishwa tena darajani, ana haki ya kuuliza pesa ya kwanza ilifanya kazi gani.

Wengine watatoa mfano wa daraja la Matadi, lililofunguliwa mwaka 1983, ambako magari yanalipa. Ni kweli, daraja halijitunzi, na vyuma vinakula kutu. Lakini kule Matadi kuna shirika linalojulikana, OEBK, lenye kubeba mzigo wa daraja. Anayelipa anajua wa kumuuliza.

Tusisahau mlaji. Pesa anayotoa dereva itaongezwa kwenye bei ya mchele, ndizi na makala, na familia za Mangobo na Kabondo ndizo zitakazoilipa.

Ikiwa viongozi wanaona peaji ni ya lazima, waanze kwa kubandika darajani namba ya sheria na bei. Watembea kwa miguu na wenye baiskeli wapite bure. Kila anayelipa apewe karatasi ya malipo, kwani pesa isiyoandikwa inaishia mfukoni. Bunge la jimbo nalo lidai hesabu, na wakaaji waonyeshwe kazi iliyofanywa kwenye daraja.

Bila hayo, wakaaji wana mlango mwingine: korti ya utawala, ambayo ina uwezo wa kufuta agizo la kiongozi lisilofuata sheria. Kuugonga mlango huo ni haki yao.