Ukiflash, Inaenda kwa Nani?

Leo tuongee kuhusu mavi. Chekeni mkimaliza, kwa sababu kila mtu hapa ameenda choo leo na wengi wetu hatujawahi kujiuliza ile kitu huishia wapi.

Chukua Kisii. Mji uko kwenye vilima, mvua hunyesha karibu mwaka mzima, na katikati unapita mto Nyakomisaro. Chochote kikimwagika mjini, iwe ni oili ya gereji, maji ya soko ama choo cha ploti kilichofurika, mteremko unakipeleka huko huko. Nyakomisaro unaingia Riana, Riana unaingia Gucha, Gucha unaishia Ziwa Viktoria. Kwa hiyo kuna mama huko chini anateka maji ya kupikia watoto ambayo watu wa juu walishamalizana nayo.

Mtu atasema, si kuna mtambo wa maji taka Suneka? Uko, na hiyo ni afadhali kuliko miji mingi ambayo haina hata bomba moja la maji taka. Lakini mtambo husafisha tu kile kinachoufikia. Nyumba isiyounganishwa inategemea shimo, na shimo likijaa lazima uite eksosta. Eksosta ni pesa. Kila mji una ule landilodi anayengoja mvua ya usiku ndio afungulie mtaro.

Na hata kile kinachofika, kuna stori. Miji mingi Kenya hutumia mabwawa, na manze, ni teknolojia smati sana. Bwawa la kwanza lina kina kirefu: uchafu mzito unazama na bakteria wasiohitaji hewa wanaula. La pili lina kina kifupi, mwani unatumia jua kutengeneza oksijeni. La mwisho ni fupi zaidi, jua linachoma vijidudu. Hakuna stima wala kemikali. Inataka muda tu, maji yakae humo siku za kutosha.

Sasa shida ni matope. Kinachozama hakiliwi chote. Miaka ikisonga, matope yanajaa, nafasi ya maji inapungua, na maji yanapita mbio kabla hayajaiva. Ukipita nje bado unaona bwawa, ua, geti na soja. Kila kitu kinakaa sawa, lakini kinachotoka upande wa pili si maji safi.

Kanuni za ubora wa maji za 2006 zilisema maji yanayomwagwa mtoni yasile zaidi ya miligramu 30 za oksijeni kwa kila lita, yakipimwa kwa siku 5. Sababu ni hii: bakteria wa mtoni wakila uchafu wanapumua pia, na uchafu ukizidi wanamaliza hewa yote. Samaki anakosa pumzi akiwa ndani ya maji.

Niambie basi, ni gavana gani umewahi kumuona akikata utepe kwa sababu bwawa limetolewa matope? Katiba ya 2010 iliwapa kaunti kazi ya maji na usafi. Bomba jipya lina picha, lina kofia za njano, lina hotuba. Matope hayana picha, na hata yangekuwa nayo, nani angeipost?

Mimi msimamo wangu ni kwamba pesa za kwanza ziende kwa matope, bomba jipya lingoje. Kuunganisha nyumba zaidi kwa bwawa lililojaa ni kama kupakia abiria kwa matatu isiyo na breki. Na yale majibu ya vipimo vya maji yabandikwe getini kila mwezi, kwa lugha ambayo yule mama wa Riana anaisoma.

Vikao vya maoni ya bajeti ya kaunti huwa kila mwaka, na huwa wazee watupu. Enda na swali moja tu: mara ya mwisho mlitoa matope lini? Ukipewa tarehe, andika. Ukipewa hotuba, uliza tena.