Macho Yalipangwa Zamani

Nimesoma hoja kwamba anayepiga picha kwa mada ya kila wiki amekubali kupangiwa macho. Hoja ina sauti nzuri, ila haijafika Kasulu, mkoani Kigoma. Huku macho yalipangwa zamani. Tangu kambi ya Nyarugusu ilipofunguliwa mwaka 1996 kwa Wakongomani, kisha Nduta ya Kibondo ikapokea Warundi mwaka 2015, kamera nyingi zinazopanda milima ya Buha huja na mada moja tu: mkimbizi aliyechoka. Hiyo nayo ni mada, tena ya miaka karibu 30, na sijasikia ikiitwa pingu.

Sasa mpe kijana mwenye simu neno “nyekundu” kwa siku saba. Jumatatu ataleta vumbi la barabara, rahisi mno. Jumatano atagundua kuwa simu inaipoza rangi ya udongo yenyewe, ajifunze kuidhibiti. Kufikia Jumamosi ameona mawese yakimiminwa kwenye chupa sokoni na tanuri la matofali likiwaka usiku. Wiki inayofuata apewe “subira”: mzinga juu ya mti porini Kibondo, au muhogo umeanikwa na wingu linakaribia. (Hiyo ya wingu usiitegemee sana, mwenye muhogo hatakungoja ulenge, atakwambia weka simu, njoo tuanue.)

Nakubali jambo moja: anayewinda sifa za wapiga picha wenzake hurudia machweo yaleyale. Lakini huyo hata asipopewa mada, atapiga machweo.