Mwasumini Umejaa Majani, Maua Hakuna

Mfungo mosi umeingia na harusi zinafuatana. Juzi tulikuwa tunamtungia bibi harusi wetu kikuba. Mwasumini wa uani, umejaa majani mpaka juu ya ukuta, haukuwa na hata tumba moja. Tukatoka mbio kununua, tukarudi na asumini za jana zilizokwisha kugeuka rangi ya chai. Mrehani ulikuwepo, mkadi ulikuwepo. Lakini kikuba bila asumini ni kikuba gani?

Bibi alisema kosa ni letu, nami nakubaliana naye. Mwasumini tunaulea kama mgonjwa: kivulini, maji asubuhi na jioni, samadi tele. Samadi ikizidi huleta majani tu. Mti huu unataka jua, si chini ya saa 6 kwa siku, na maua yake hutoka kwenye vichipukizi vipya. Mimi nilikuwa naona huruma kuukata, na hapo ndipo nilipoharibu. Maua yakipungua, shika mkasi, ondoa kama theluthi ya kila tawi.

Majani yakiwa ya njano usikimbilie maji. Tia kidole kwanza. Udongo ukiwa chepechepe, mizizi inaoza, toboa kopo. Jani likiwa la njano na mishipa imebaki kijani, ni udongo wetu wa mawe: chokaa ni nyingi, mti haupati chuma. Changanya mboji. Na wenye visima vya chumvi, kingeni maji ya mvua. Wale wadudu weupe kama pamba waoshe kwa maji ya sabuni jioni, ukigeuza na majani chini.

Kwa maoni yangu, binti akishaposwa apewe mche wake, tuache haya maua ya plastiki. Akiolewa ahame nao. Magharibi achume matumba yakiwa bado yamefumba, yamfungukie usiku chumbani kwake, mbele ya mumewe, ambako ndiko mahali pa harufu ile.

Wetu tumeukata Jumamosi, umebaki vijiti. Mama ananuna kila akipita uani. Mdogo wake bibi harusi anaolewa baada ya Idd kubwa, inshaallah.