Mali Bila Daftari

Siku ya usafi wa pwani twaijua sote. Wanachama hutoka alfajiri na magunia yao. Chupa huokotwa, vipande vya nyavu hufukuliwa, hotuba hutolewa, na jua lipandapo kila mtu hurejea kwake akiamini kwamba ufuko umesafika. Yatupasa tuambiane kweli, ndugu. Ufuko ule haujasafika. Tumeondoa kinachoonwa na aliyesimama wima. Kilichobaki huonwa na apigaye magoti.

Tunazungumza juu ya chembe za plastiki zisizofika milimita 5. Hutoka katika mfuko uliochanika, kamba ya nailoni iliyosuguliwa na mwamba, nyuzi za nguo tunazofua, na vumbi la matairi linalosombwa na mvua mpaka Mto Msimbazi na kutoka huko mpaka baharini. Jua na mawimbi huivunja plastiki ikawa ndogo, walakini haiozi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulizikuta chembe hizo katika mchanga wa fukwe za Tanzania, na ndani ya kombe, ambao ni kitoweo cha nyumba nyingi za pwani.

Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania Bara. Hatua hiyo ilikuwa njema. Lakini ni nani kati yetu awezaye kusimama mkutanoni akatuambia, kwa hesabu wala si kwa kukisia, kama katika ufuko wa tawi lake chembe zimepungua au zimeongezeka? Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Bahari ni mali yetu. Daftari lake li wapi?

Wako watakaosema kwamba kazi hii ni ya wataalamu peke yao. Sivyo. Tangu mwaka 2005 Profesa Hideshige Takada wa Tokyo amewaomba watu wa kawaida katika nchi nyingi waokote punje za plastiki za viwandani fukweni na kumpelekea kwa posta, naye hupima sumu zilizonata juu yake. Waokotaji hawakuulizwa shahada. Waliulizwa mahali na tarehe.

Basi kila tawi la pwani lichague mahali pamoja na lisipahame. Kila mwezi, katika bamvua ya mwezi mpevu, maji yakishatoka, upimwe mraba wa nusu mita kwa nusu mita juu ya mstari wa takataka ulioachwa na maji. Mchanga wa juu uchotwe, ukaushwe, upitishwe katika chekeche la milimita 1, na chembe zilizobaki zihesabiwe na watu wawili, kila mmoja peke yake, kisha walinganishe. Iandikwe tarehe, idadi, rangi na aina. Isipopatikana hata moja, iandikwe sifuri. Zilizo ndogo zaidi zahitaji darubini. Hizo ziwekwe katika chupa ya kioo na kupelekwa kwa wataalamu, mathalani wa Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyoko Zanzibar. Nao wataalamu wana deni: jibu lirudi kijijini, kwa Kiswahili, lisomwe mbele ya waliochota mchanga.

Wavuvi wanaogopa kwamba habari hizi zitaharibu soko. Hofu hiyo si ya kudharauliwa, maana ni hofu ya mtu juu ya chakula cha watoto wake. Chembe kuonekana mchangani si hukumu juu ya samaki, wala asiwepo wa kuitumia hivyo. Lakini pasipo hesabu, bei ya samaki itatawaliwa na uvumi, na uvumi hauna chekeche.

Hatari iliyo kubwa zaidi imo ndani yetu. Tawi litakalopunguza hesabu ili lisifiwe wilayani litakuwa limewaibia wenzake. Tena tusiwanyoshee wengine kidole huku mikutano yetu wenyewe ikiacha nyuma bendera ndogo za plastiki zilizokanyagwa mitaroni. Hizo nazo zihesabiwe.

Nawe mfanyakazi wa kiwanda uonaye punje za plastiki zikimwagika sakafuni na kusukumwa kwa maji mpaka mtaroni, usingoje zifike ufukweni kuhesabiwa na mwenzako. Sema kiwandani, na kamati ya wafanyakazi iseme pamoja nawe, kwamba sakafu ifagiliwe kwanza ndipo ioshwe.

Ufagio tunao, na tuendelee nao. Sasa tuongeze chekeche, kalamu na uaminifu. Tawi litakaloanza bamvua ijayo litakuwa, baada ya mwaka mmoja, na kurasa 12 ambazo hotuba yoyote haiwezi kuzipinga.